Inazima Ikibeba Watu

Mwendesha boda akifika kibandani kwangu Katwe huja na hukumu tayari mkononi. "Fundi, CDI imekufa." Yaani kile kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi. Ameambiwa stejini, na stejini hakukosekani mabingwa, kila mmoja amewahi kufiwa na CDI. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilitoka Bukoba nikavuka Mutukula na bisibisi mbili na koleo, na miaka yangu ya mwanzo Kampala nilikuwa bingwa wa aina hiyohiyo: pikipiki haina moto, badilisha plagi, bado, badilisha koili, bado, badilisha CDI. Soko la Kisekka liko jirani, vipuri vimejaa, na pesa ni ya mteja.

Kilichonitoa huko ni pikipiki ya kijana mmoja wa Ndeeba.

"Inazima nikibeba watu," aliniambia. Nilimsikia, sikumsikiliza. Masikioni mwangu ilibaki "inazima" tu. Nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki: cheche ya buluu, nene. Nikapima betri: volti 12.6, imeshiba. Injini ikiwaka na kuvutwa mafuta kidogo, kipimo kikapanda hadi 14 na ushei. Hapo ndipo panapotakiwa. Ikibaki 12 hata ukivuta mafuta, chaji haifiki; ikipita 15, rektifaya imeshindwa kazi, itachemsha betri na kuunguza balbu. Yake haikuwa na neno. Nikampa. Akarudi jioni anaisukuma.

Basi nikafanya nilichozoea. Nikamnunulisha koili. Kesho yake nikamnunulisha CDI. Pesa ya siku nne za barabarani ilimtoka mikononi mwangu, na pikipiki ikaendelea kuzima. Boda wengi hapa hawamiliki wanachoendesha. Kuna mwenye chombo anayesubiri hesabu yake kila siku, pikipiki iwake isiwake. Kijana hakunitukana. Alikaa kwenye gogo la karakana akasema tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Fundi ssebo, nikiwa peke yangu haizimi."

Nikapanda nyuma yake. Tukamchukua na mwanafunzi wangu, tukawa abiria wawili. Sheria haipendi lakini Kampala ndivyo inavyotembea. Tukaelekea Namirembe. Katikati ya mlima, kwenye kishimo, injini ikakata kama aliyezibwa mdomo. Tukashuka. Kijana akapiga kiki moja, ikawaka. Tukapanda, mita kadhaa, ikakata.

Nilisimama pale kando ya barabara nikiona aibu. Siku tatu nilikuwa napima pikipiki iliyosimama juu ya stendi haina mzigo, yaani nampima mgonjwa saa ile ambayo haumwi.

Hapa nieleze kitu kidogo. Kuna pikipiki ambazo CDI yake inakula umeme wa betri; hizo ukizima swichi unakata chakula. Na kuna zile ambazo umeme wa cheche unatoka kwenye koili ya sumaku ndani ya injini, betri iwe nzima iwe mbovu. Za namna hii huzimwa kwa njia ya kinyume: swichi inaugusisha waya mmoja na ethi, umeme wa CDI unamwagika kwenye fremu, cheche inakufa. Waya huo ukiigusa fremu popote, kwa swichi au kwa bahati mbaya, injini inazima. Na fyuzi haiungui, kwa sababu umeme wa betri haupiti humo. Yake ilikuwa ya namna hii, na fyuzi nzima ndiyo iliyonidanganya. Nilishajiambia kwamba kama fyuzi haijaungua basi hakuna shoti.

Tuliporudi Katwe nikauchomoa waya wa kuzimia kwenye soketi ya CDI, nikaweka multimita kwenye sehemu ya mlio, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye fremu safi, swichi ikiwa imefunguliwa. Kimya. Nikawaambia wanafunzi wawili wakae kwenye kiti. Kimya. "Rukeni kidogo." Piii.

Chini ya kiti kulikuwa na alamu. Aliyeifunga, simjui, aliuchuna waya wa kuzimia, akaunga wa alamu juu yake kwa kuusokota na kuuzungushia tepu, akaupitisha juu ya bomba la fremu pale ambapo kiti kinabonyea. Tepu ilishatafunwa. Abiria wawili wakirushwa na kishimo, kiti kinashuka, shaba inalala juu ya chuma. Dawa yake ilikuwa kulehemu kiungo, kukivisha mpira, na kuuhamishia waya pembeni. Hata nusu saa haikuisha.

Tangu siku ile, kabla ya kushika spana nauliza maswali mpaka mteja achoke. Inazima ukikata kona ya kulia au ya kushoto? Naenda kwenye shingo ya usukani, ambako waya hupindwa maelfu ya mara kwa siku katika foleni za mji huu mpaka shaba inakatika ndani ya ngozi nzima. Inazima ikipata moto, ikipoa inawaka? Napima koili ikiwa ya moto, maana ikipoa itaniambia uongo. Ilianza baada ya mvua? Hapo nakunja mikono ya shati. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, bodaboda wanapita pale Clock Tower maji yakiwa magotini, na wiki moja baadaye ndipo wanapoanza kunifikia, soketi zimeota unga wa kijani. Wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha wananiletea kazi hiyohiyo wakati wa kiangazi.

Ugonjwa ninaoukuta kuliko yote ni ethi. Watu wanaufuata umeme unavyokwenda, wanasahau kwamba lazima urudi. Honi inakoroma, indiketa inawaka nusu, ukiwasha taa ya breki indiketa inakufa: usiguse balbu. Washa vitu vyote hivyo kwa pamoja, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye fremu. Ikizidi volti 0.2, njia ya kurudi imeziba; fungua bolti ya ethi, kwangua rangi na kutu, kaza. Wala usiamini rangi za waya. Honda wana ethi ya kijani, Wahindi wana mpangilio wao, na pikipiki iliyopita kwa mafundi watano ina waya wowote ule uliokuwepo kibandani siku hiyo. Nimewahi kukuta waya wa spika.

Wapo wanaoniuliza nitakula nini pikipiki za betri zikienea, zile zinazokwenda kituoni kubadilishiwa betri badala ya kujazwa petroli. Wana haki ya kuuliza. Injini hazina, plagi hazina. Lakini shingo ya usukani zinayo, mvua ya Kampala ni ileile, na honi lazima wapige.

Yule kijana nilimrudishia pesa ya CDI kidogo kidogo, na koili nikaimalizia kwa kumfanyia sevisi bure. Ile CDI yake ya kwanza, niliyomwambia imekufa, nilipomrudishia alikataa kuipokea. "Kaa nayo, fundi." Iko kwenye droo. Akija mtu na hukumu yake kutoka stejini naifunga hiyo kwanza, na mpaka leo haijawahi kukosa moto.