Siku Sita za Maji, Otonglo



Madrasa zilipofunga mwezi wa Agosti tulishika njia ya bara, sisi na ahali yetu na mabinti wetu wawili, kwenda kumzuru ndugu tuliyekaa naye mkeka mmoja chuoni zamani za utoto. Yeye rizki ilimpeleka Kisumu, akaoa huko, akajenga Otonglo, na kila Idi hutupigia simu kutulaumu kwamba sisi watu wa pwani twaijua njia ya Makka kuliko ya Nyanza. Safari hii lawama zilitushinda. Tulipanda treni ya asubuhi hadi Nairobi, kisha basi la usiku, na alfajiri tukaswali Msikiti wa Jamia wa Kisumu tukiwa bado na baridi ya Kericho mifupani.

Otonglo iko magharibi ya mji, kando ya barabara kuu iendayo Busia, ukishapita uwanja wa ndege na kabla ya kufika Kisian ambapo njia ya Bondo huchepuka. Ni mji mdogo wa soko: maduka ya mabati, mafundi wa milango ya chuma, vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na akina mama waliotandaza omena juani juu ya nyavu kuukuu. Jina lenyewe, alivyotueleza mwenyeji wetu, kwa Kijaluo ni sarafu ya senti kumi. Mwaka 2013 lilivuma nchi nzima kwa sababu ya masimulizi ya mwanafunzi mmoja katika tamasha la maigizo la shule, na hadi leo ukimwambia mtu wa Nairobi unakwenda Otonglo hutabasamu kwanza. Ukisimama juu ya paa la mwenyeji wetu wakati wa magharibi unaliona ziwa upande wa kusini, limelala kama sinia la shaba, na ndege ikishuka juu ya Usoma.

Ziwa hilo ndilo lililoleta habari hii. Usiku wa kwanza, baada ya ngege wa kupaka na ugali, mke wa mwenyeji wetu alisema maneno ambayo hatukuyatarajia. Yeye ni mwenyeji wa huko huko, aliyesilimu kabla ya ndoa, na huzungumza bila kuzunguka.

"Shemeji," alituambia, "huku maji yako mlangoni, na nyumba hii haina mwanamke ajuaye kuelea. Mama zangu wameuza samaki maisha yao yote, na mashua ikipinduka huzama kama mawe. Na nyinyi wa baharini mko vipi?"

Tulinyamaza. Ahali yetu alitutazama, nasi tukatazama chai. Maana jibu ni kwamba sisi wa baharini tuko vivyo hivyo. Watoto wetu wa kiume hujirusha majini tangu wakiwa na miaka sita. Watoto wa kike tunawaita watoke wasilowe. Tulikuwa vijana tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka wakafa watu 272, na tulisimama katika safu za jeneza siku zile hadi miguu ikafa ganzi. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hili hili upande wa Tanzania, wakafa zaidi ya watu 220. Baada ya kila msiba tumetoa mawaidha juu ya subira na kadari, na mawaidha hayo ni haki. Juu ya kuogelea hatukusema neno, ilhali tunayajua yaliyopokewa kuhusu kufunza watoto kuogelea, na tunajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuhesabu ujuzi huo miongoni mwa michezo isiyokuwa upuuzi. Tumewasomesha watoto habari hizo, wavulana kwa wasichana, wakazihifadhi, kisha tukawaambia wasichana wasiende ufuoni.

Ahali yetu akasema, "Basi tutajifunza hapa hapa, kabla hujapata la kusema."

Ziwani kwenyewe haikufaa. Maji ya kando kando yana konokono wabebao vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Gugumaji huja na upepo na kuondoka na upepo. Na viboko hawana ratiba. Mwenyeji wetu akakumbuka tangazo aliloliona mjini: masomo ya kuogelea kwa wanaoanza, siku sita, saa za wanawake peke yao, mwalimu mwanamke, shilingi 3,000 kwa kila mwanafunzi. Jina la mahali hapo tunalihifadhi. Wanafunzi walikuwa watano: ahali yetu, mke wa mwenyeji wetu, mabinti wetu na binti yao wa miaka kumi na miwili. Tukalipa shilingi 15,000 kwa simu, na akina mama wakapitisha usiku wakishona mikono mirefu kwenye mavazi ya kuogelea waliyoyapata sokoni Kibuye.

Ni wajibu wetu kusema kwamba yaliyotokea ndani hatukuyaona. Sisi na mwenyeji wetu tulikaa nje ya ukuta, chini ya mwembe, tukisikia sauti tu. Tunayoyasimulia tumeyapokea kwa ahali yetu usiku huo huo, naye ni mkweli, na sanadi yetu ni fupi.

Siku ya kwanza mwalimu mwanamke hakuwapo. Alitokea kijana wa kiume mwenye filimbi shingoni, akashangaa kuona wanawake wamejifunika leso wakakataa kutoka chumba cha kubadilishia nguo. Akasema yeye ni mtaalamu, hana neno. Walikaa humo saa nzima, kisha wakatoka wakavu kama walivyoingia.

Siku ya pili mwalimu alikuja, binti mpole wa umri wa miaka ishirini na kitu. Lakini darasa lilikuwa na watu kumi na tisa, na nusu yao ni watoto ambao tayari wakiogelea kama kambare. Aliwapanga wote ukingoni, akawaamuru wapige miguu, kisha akaenda kivulini na simu yake. Watoto wale wakapiga miguu wakaondoka; wetu wakapiga miguu wakabaki pale pale, wameshika ukingo kwa mikono miwili, wakimeza maji ya wenzao. Hapakuwa na vibao vya kuelea ila vitatu, na viwili vilikuwa vimeliwa na panya. Saa ilipokwisha binti yetu mdogo aliuliza, kwa adabu, lini watafundishwa. Akajibiwa kwamba ameshafundishwa.

Siku ya tatu ndiyo iliyotuumiza. Binti yetu mkubwa, wa miaka kumi na mitano, ana woga wa asili, na woga huo hauna aibu. Mwalimu akamwambia kwamba hofu hutoka mtu akishaingia, akamwongoza hadi upande wa kina kirefu, akamsukuma. Sisi nje tulisikia ukelele, kisha kimya, kisha sauti ya mke wa mwenyeji wetu ikisema maneno ya Kijaluo ambayo mumewe alikataa kututafsiria. Ndiye aliyelala kifudifudi ukingoni akamkamata mtandio na kumvuta. Mtoto alitapika maji njiani, ndani ya tuktuk, na usiku hakula. Mwokoaji hakuwapo, tuliambiwa amekwenda kunywa chai.

Tulikasirika, na ghadhabu yetu ilikuwa halali. Tulipanga hotuba nzima kichwani juu ya amana ya mwalimu, na kwamba mtu anayekuja hajui amekukabidhi roho yake. Hotuba ilikuwa nzuri. Tulipofika katikati yake tukakumbuka darasa letu wenyewe: watoto arubaini chini ya ubao mmoja, wajuao wakikimbia na juzuu, wasiojua wakitikisa midomo tu nyuma, nasi tukidhani wanasoma. Na yule mtoto anayekwama katika herufi moja mwezi mzima, tuliyemsimamisha mbele ya wenzake asome peke yake, kwa hoja hiyo hiyo kwamba hofu hutoka mtu akishaingia. Mmoja wao hakurudi chuoni. Sasa ni fundi wa friji, hutuamkia kwa heshima barabarani, na Fatiha yake hatujui iko vipi. Hotuba tukaiacha.

Usiku ule kijana wa mwenyeji wetu, mpenda michezo asiyekosa habari yoyote ya Olimpiki, alijaribu kumchangamsha binti yetu kwa kisa cha Philip Boit. Huyu ni Mkenya wa nyanda za juu, mkimbiaji, ambaye mwaka 1996 alipelekwa Finland kufundishwa, akiwa mtu mzima, kwenda juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni. Theluji hakuwa ameizoea hata kidogo, na kuanguka ndiko kulikuwa somo lake la kila siku. Februari 1998 alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, akawa wa mwisho, kama dakika ishirini nyuma ya mshindi. Lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, hakwenda zake kupokea nishani. Alisimama penye mstari wa mwisho akamngojea, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akamwita Dæhlie.

Binti yetu alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Naye alisukumwa?" Kijana hakuwa na jibu.

Siku ya nne tulikwenda kudai fedha zetu. Karani alitueleza kuwa malipo hayarudishwi, kwamba msimamizi yuko Nairobi, kwamba tumpigie simu. Simu ikaita hadi ikachoka. Tulisema kwa upole, kisha kwa ukali kidogo, kisha tukastahi mvi zetu. Fedha ile haijarudi hadi leo tunapoandika.

Lakini saa zilizolipiwa zilikuwa zimebaki, na mke wa mwenyeji wetu si mtu wa kumwachia mtu saa zake. Jikoni mwa mahali pale kulikuwa na mama mmoja mpishi, mzaliwa wa ufukwe wa Usoma, ambaye siku zote tatu alikuwa akiwatazama kupitia dirishani. Siku ya tano alitoka na beseni la kuoshea vyombo, amelijaza maji safi, akaliweka kivulini juu ya meza.

"Mama," alimwambia ahali yetu, "umewahi kutia uso ndani ya beseni?"

Hakuwahi. Kwa nusu saa wanawake watano walikaa kulizunguka beseni, mmoja mmoja akitia uso na kutoa pumzi polepole hadi mapovu yaishe. Mpishi akasema wafundishwao vibaya hufundishwa kuvuta pumzi, ilhali linalomtisha mtu ni kushindwa kuitoa. Kisha akawapeleka majini upande wa kina kifupi, maji yakiwafika kiunoni, akamshika kila mmoja kwa kiganja kimoja chini ya kisogo. Aliwaambia pia jambo ambalo sisi wa pwani hatukulijua: kwamba maji ya baharini, kwa chumvi yake, humbeba mtu kuliko maji matamu. Kila lita ya bahari ina chumvi ya kiasi cha gramu 35. "Nyinyi mnajifunza kwenye maji magumu," alisema. "Mkirudi kwenu mtaona yamekuwa mepesi." Mwalimu mwenye simu alikuja akasimama, akatazama, na kwa haki yake tuseme kwamba hakuwafukuza. Kabla ya saa kwisha alikuwa ameingia majini naye, akishika visogo upande wa pili.

Siku ya sita binti wa mwenyeji wetu alielea chali hadi mama yake akahesabu ishirini. Binti yetu mdogo alifika kumi na mbili. Ahali yetu alielea kwa muda ambao yeye anasema ulikuwa mrefu, nasi, tuliokuwa chini ya mwembe, hatuna ushahidi wa kumpinga. Binti mkubwa alitia uso kwenye beseni mara tatu na bwawani hakuingia. Hakuna aliyemlazimisha. Tulipotaka kumpa yule mpishi kitu alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea, akatufungia samaki wa njiani.

Tumerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Beseni letu la buluu liko barazani, na baada ya Alasiri husikika mapovu kabla ya kusikika juzuu. Mabinti wamesoma habari za mradi wa Panje huko Nungwi, Unguja, ambako wasichana wanafundishwa kuogelea na wanawake wenzao, wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na wanauliza kwa nini hapa kwetu hakuna mfano wake. Binti mkubwa jana alikaa na uso majini hadi tukaingiwa na wasiwasi, kisha akainuka akatuuliza tunatazama nini.

Ahali yetu anaomba tuliandike hili kabla ya kuweka kalamu: ikiwa miongoni mwa wasomaji wa jarida hili yuko mwanamke ajuaye kuogelea na aliye tayari kufundisha wenzake, wachache wachache, aache habari zake ofisini kwa mhariri. Wako tayari wanawake saba wa mtaa wetu, na mmoja wao bado yuko kwenye beseni.