Bunduki ya rangi niliyomnunulia mwanangu

Mwanangu ana miaka 13, na hapa Ohio tunakoishi wenzake hucheza peintiboli kila Jumamosi. Akataka bunduki yake. Kabla sijatoa pesa, nilikodi mbili uwanjani tuzijaribu.

Moja ilikuwa ya betri, nyepesi, inatema rangi mfululizo. Nyingine ni Tippmann 98, nzito, haina umeme wowote. Springi na mtungi wa hewa basi. Mtoto akakimbilia ya betri. Ungetegemea nini?

Robo saa haijaisha, kidonge cha rangi kikapasukia ndani ikakwama. Akasimama katikati ya mchezo, akaanza kuvua kinga ya uso ili achungulie mtutu! Nilipiga ukelele mpaka refa akasimamisha mchezo. Kidonge kile hutoka kwa kasi inayofika kilomita 300 kwa saa. Kikikupata mguuni unavilia damu. Jichoni, umeshakuwa kipofu.

Tippmann haikukwama siku nzima. Nikanunua hiyo, ya mtumba, pamoja na kinga ya uso mpya kabisa. "Baba, hii ya wazee," akanuna. Siku hizi huisafisha kwenye meza ya jikoni, na mama yake analalamikia taulo zake.