Toka Rwezamenyo Hadi Dar es Salaam

Kata ya Rwezamenyo imo katika wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, jirani na Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambayo Kiswahili kilisikika vibarazani miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Si ajabu huko kukuta nyumba ambayo mjomba yuko Tabora, shangazi yuko Ujiji, na kijana amekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Kwa watu wa namna hiyo swali la umbali si la darasa la jiografia.

Ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani, toka Kigali hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,150. Ndege ya abiria huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi, au zaidi kidogo kwa kutegemea aina ya ndege. Barabara haina mstari kama huo. Huteremkia Rusumo, ikavuka mto Kagera, ikapita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, hata jumla yake ikakaribia kilomita 1,500. Basi liondokalo kituo cha Nyabugogo hutembea mchana na usiku, na kesho yake lingali njiani. Pale Rusumo dereva aliyekuwa akishika mkono wa kulia hana budi kuhamia wa kushoto. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyofunguliwa rasmi mwezi Aprili 2016, vilikusudiwa kupunguza usumbufu wa mpakani. Kilomita zimebaki zile zile.

Liko pia jambo la saa, ambalo huwachanganya wengi. Saa ya Rwanda iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja. Tuseme ndege imeruka Kigali saa nne asubuhi na kukaa angani saa moja na dakika 40: itatua Dar es Salaam saa sita na dakika 40. Wakati wa kurudi, ikiruka saa nane mchana, itatua Kigali saa nane na dakika 40, kana kwamba safari nzima ilikuwa ya dakika 40 tu! Ndugu wa kupokea mgeni na aulize saa ya mji gani imeandikwa katika tikiti. Kwa kawaida ni ya mji wa kutua.

Tofauti ya ndege na basi hudhihirika zaidi siku ya msiba. Simu ikilia alfajiri kuwa mama mkubwa amefariki Dar es Salaam, na kwa desturi ya Waislamu maiti haicheleweshwi, apandaye ndege ya asubuhi yumkini akawahi kutia udongo kaburini. Apandaye basi atakuta matanga. Nauli ya ndege huipita mbali ile ya basi, na ndipo ukoo hukaa kitako kuchanga na kuchagua nani aende kwa niaba ya wote. Mara nyingi huchaguliwa mkubwa. Kwa maoni yetu ingefaa achaguliwe aliyelelewa na marehemu.

Aendaye asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sweta la Kigali, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya bahari, litamchosha ufukweni. Mifuko ya plastiki aiache nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na Tanzania ikafuata mwezi Juni 2019. Vitafunio vya wenyeji vyatosha kufungwa katika kikapu.