Spana, Jiriwa na Mkazo: Msamiati wa Kubadilisha Mtutu

Wapenzi wa lugha, leo naomba tuziache kidogo vina na mizani, tuingie karakana.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi bunduki nchini Marekani, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza shida yake. Amepewa kijana wa kumfundisha kazi, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga. Wanaelewana vizuri kwa Kiswahili, isipokuwa katika majina ya zana. Yeye husema spana, neno tulilolipata kwa Waingereza; kijana husema ufunguo, kwa kuwa Kifaransa huita spana na ufunguo kwa neno moja. Siku moja alimwagiza "spana ya mtutu", kijana akamletea spana ya bomba la maji.

"Mwalimu," aliniambia, "nitafutie majina yasiyomchanganya. Kazi hii ikikosewa, atakayeumia ni mpigaji."

Huenda msomaji akauliza mshairi ana shughuli gani na bunduki. Mimi sina mapenzi nayo, lakini lugha yetu imeishi nayo kwa karne nyingi. Neno bunduki lina asili ya Kiarabu, nalo lilikuwa jina la aina ya kokwa kabla ya kuwa jina la kigololi cha kurushwa, na hatimaye la silaha. Kasiba, jina jingine la mtutu, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tete. Sehemu za bunduki, basi, zina majina tangu zamani. Zana za kuzitenganisha ndizo zilizoachwa bila majina yaliyo wazi.

Tuitazame kazi yenyewe. Katika bunduki ya komeo, mfano wa Mauser ya mwaka 1898, mtutu una hesi na umekazwa ndani ya mwili wa bunduki. Kuutoa kunahitaji zana mbili zinazopingana. Ya kwanza huushika mtutu usizunguke. Hiyo niliipendekezea jina jiriwa ya mtutu, maana jiriwa ni neno letu kongwe la karakana. Ndani yake huwekwa vipande viwili vya mbao au alumini vilivyochongwa kwa umbo la mtutu, na mafundi hunyunyiza utomvu mkavu uliosagwa ili usiteleze. Zana ya pili huushika mwili na kuuzungusha. Hiyo ndiyo spana, lakini spana ipi?

Mafundi wetu wa Tanzania wana spana inayopanuka na kubana, wakaiita spana malaya kwa kuwa huenda na nati yoyote. Darasani jina hilo lilinitia haya, ila sikuweza kukana kwamba limebeba onyo: kinachoshika kila kitu hakishiki chochote barabara. Spana hiyo, na ile ya bomba yenye meno, hubana pande mbili tu. Chuma hukwaruzwa, na mwili wa bunduki, ambao katikati una uwazi mkubwa na kuta nyembamba, unaweza kupinda. Inayofaa ni ile yenye vipande viwili vinavyouzunguka mwili pande zote, ikafungwa karibu kabisa na hesi, ili nguvu ifike kwenye kiungo bila kuusokota mwili mzima. Nilichagua kitenzi fumbata: spana ya kufumbata. Kijana wa Lubumbashi hakuhitaji maelezo zaidi. Alikunja kiganja akaonyesha.

Bunduki za aina ya AR-15 zina mpango mwingine. Mtutu huchomekwa mwilini, kisha hubanwa kwa nati kubwa yenye meno pembeni. Spana yake lazima iumane na meno mengi ya nati hiyo, kwani ikishika mawili matatu huyavunja. Hapo ndipo inapoingia spana ya kupimia mkazo. Kipimo kinachotajwa kwa kawaida ni paundi-futi 30 hadi 80, takribani nyutonimita 41 hadi 108. Nafasi imeachwa pana kwa sababu nati ni lazima isimame mahali ambapo pengo lake linaupisha mrija wa gesi.

Neno mkazo sikulibuni. Sisi walimu wa lugha tunalitumia kila siku: liweke mkazo mahali pengine, na njia ya kupitia, barabara, inakuwa sawasawa kabisa, barabara. Katika spana pia, mahali hubadili maana. Spana ya kupimia yenye urefu wa sentimita 40, ikiongezewa mbele kipande cha sentimita 5 kwa mstari mmoja, itasoma 40 huku nati ikipokea 45. Kipande hicho kikiwekwa kwa pembe mraba, usomaji unabaki wa kweli.

Mtutu mpya ukishakaa, bado haujaaminiwa. Fundi hupima nafasi kati ya uso wa komeo na ukomo wa chemba kwa vipimo viwili: kimoja komeo lazima likikubali, cha pili lazima likikatae. Nafasi ikizidi, ganda la risasi laweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Vipimo hivyo tuliviita kubali na kataa.

Kijana aliomba kitu cha kumsaidia kukumbuka, nami nikamtungia ubeti huu:

Mtutu shika imara, jiriwa iufumbate,
Usitumie hasira, mpini pole uvute,
Kipimo ndicho ishara, kikigota usipite,
Mkazo wenye busara, huunga viungo vyote.

Majina haya si sheria. Mwenye neno bora la spana ya kufumbata, hasa kutoka karakana za Mombasa, Kigoma au Bukavu, na alilete. Karakana ile ya Marekani ina watu wawili wanaolisubiri.