Pale, Kule na Mle

Katika miaka yetu ya mwanzo ya kufundisha katika vyuo vya ualimu nchini Rwanda, ngeli za mahali tulizifundisha kwa jedwali. Safu ya kwanza PA-, mahali dhahiri; safu ya pili KU-, mahali pasipo dhahiri; safu ya tatu MU-, mahali pa ndani. Wanachuo walilinakili jedwali hilo kwa hati nzuri, wakalikariri, wakafaulu mtihani, kisha wakaenda katika mazoezi ya kufundisha wakasema "katika nyumbani" mbele ya watoto. Kosa halikuwa lao. Mnyarwanda hana sababu ya kuziogopa ngeli hizi, kwani lugha yake inazo zote tatu: ha-, ku- na mu-. Kinachomponza ni kiambishi tamati -ni, ambacho lugha yake haina, pamoja na jedwali lenyewe, ambalo huzungumzia mahali bila kumpeleka mtu mahali popote. Sisi wenyewe hatukuzijua ngeli hizo darasani. Tulizijua katika tope la uwanja wa gofu.

Uwanja huo uko Nyarutarama, katika wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Anayelijua jiji hilo anajua kwamba ni jiji la vilima, na kwamba baina ya kilima na kilima huwa na bonde ambamo maji hutuama na mafunjo huota. Uwanja umelala katika bonde la namna hiyo, kando ya ziwa dogo. Mwanzoni mwa muongo huu ulifunguliwa upya baada ya kusanifiwa na kampuni ya Gary Player, yule Mwafrika Kusini aliyetwaa mataji makuu 9 ya mchezo huo. Habari za ukarabati tulizisoma magazetini, tukaona picha, tukazipita. Ilichukua muda kabla ya kukubali kwamba tulikuwa tunaogopa kwenda.

Tulizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda, na shule ya msingi tuliisoma kwa Kiswahili kama watoto wote wa huko. Baada ya mwaka 1994 wazazi walirudi Kigali. Tulikuwa na umri wa miaka 12. Shuleni tulikuta Kifaransa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na sisi tulikuwa na Kiswahili, ambacho hakikuwa upande wowote. Wenzetu walituita Waswahili. Katika masikio ya Kigali ya siku zile jina hilo halikuwa na maana ya mtu wa pwani au msemaji wa lugha fulani. Lilimaanisha mjanja wa mjini, dereva wa safari ndefu, mtu wa kuchungwa mkono usije ukaingia mfukoni mwako. Mwanachuo anayesoma kitabu hiki leo, katika nchi ambayo tangu 2017 ina sheria inayokitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha rasmi, huenda asiamini kwamba mtoto aliweza kukificha Kiswahili chake kama anavyoficha kiraka cha suruali. Tulikificha.

Kaka yetu, aliyetuzidi miaka mitatu, hakuwa na nafasi ya kuficha chochote. Ada ya watoto wawili haikupatikana. Mama hakusema nani abaki. Kaka alitangulia kusema kwamba shule imemchosha. Juma lililofuata alikuwa Nyarutarama, akibeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Wabebaji hao huitwa makedi. Walitoka kila upande: wengine Bujumbura, wengine Goma, wengine Kampala, wengine Karagwe kama sisi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa ileile tuliyoikimbia shuleni. Sisi tulikuwa tukishuka bondeni Jumamosi na jioni, baada ya masomo, kutafuta mipira iliyopotea, ambayo kaka aliwauzia wachezaji kwa sarafu chache.

Hapo ndipo penye somo. Mpira wa gofu ni mdogo kuliko yai la kuku, na mchezaji akiupiga vibaya huona tu umeruka, asijue umetua wapi. Kedi ndiye anayejua. Anasimama na mfuko begani, anaufuata kwa macho hadi unapoanguka, kisha anamwambia mtafutaji neno moja. Akisema "Upo pale", kazi imekwisha: nyoosha mguu, inama, okota. Akisema "Uko kule", jiandae kutembea. Ameona upande, hakuona mahali, na huenda ukapekua nyasi hadi magharibi. Akisema "Umo mle", vua viatu, kwa kuwa mpira umeingia katika mafunjo, na ndani ya mafunjo mna matope yanayofika magotini na majani yanayokata kama wembe. Hakuna aliyechanganya maneno hayo. Aliyesema "pale" ilhali alipaswa kusema "kule" alimpotezea mwenzake nusu saa na pengine chakula cha jioni. Tangu siku hizo hatujakutana na msemaji wa Kiswahili, hata huko tulikosomea shahada ya uzamili, aliyezitumia po, ko na mo kwa uangalifu wa vijana wale, ambao wengi wao hawakumaliza darasa la saba.

Tena walikuwa na ukanushi wake. "Haupo" lilimaanisha: mahali ni hapo, lakini mpira umeshachukuliwa. "Haumo" lilimaanisha: nimeingia, nimepapasa, nimetoka mtupu. "Hauko" walilisema kwa nadra na kwa huzuni, maana lilikuwa neno la kukata tamaa. Vitabu vya sarufi tulivyovisoma baadaye havikuzichora tofauti hizi kwa ukali huo, na huenda vina haki. Matumizi ya watu wengi ni legevu zaidi. Hata hivyo mwalimu akitaka wanafunzi waione tofauti, tunamshauri atupe mpira dirishani.

Sasa inatupasa kueleza jambo lililotufanya tuogope kurudi.

Siku moja darasa letu lilipita katika barabara iliyo juu ya uwanja, tukiwa na mwalimu, wavulana na wasichana, sote tumevaa sare. Kaka alikuwa akipanda kutoka bondeni, mfuko begani, matope hadi magotini. Alituona. Akapaza sauti kwa Kiswahili: "Mdogo wangu! Njoo uchukue hela ya madaftari!" Darasa zima liligeuka. Msichana aliyekuwa mbele yetu aliuliza kwa Kinyarwanda yule ni nani, na jibu lilikuwa fupi: "Simuzi." Simjui. Ada ya uandishi wa vitabu kama hiki inatutaka tuseme "sisi", na kwa kawaida tunaifuata bila kunung'unika, kwa kuwa nafsi ya wingi huficha mengi na Kiswahili hakitofautishi sisi ya wewe na mimi na sisi ya mimi na wengine pasipo wewe. Lakini kitenzi kile kilikuwa cha umoja, na mtendaji wake alikuwa mmoja.

Kaka alisikia. Alisimama kidogo, kisha akamgeukia kedi mwenzake na kumwambia kwa sauti ambayo wote wangeweza kuisikia: "Nimemfananisha." Akashuka tena bondeni. Jioni tulikuta hela juu ya daftari la hesabu, zimekunjwa, na hakuna aliyesema neno usiku ule wala miaka yote iliyofuata. Kaka aliacha kubeba mifuko, akaendesha pikipiki ya abiria, na sasa ana duka la nafaka. Tulisoma, tukapata kazi, tukaanza kufundisha hadharani lugha tuliyoikana barabarani.

Mwaka jana mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye siku hizi hucheza gofu, alitualika tumtazame akicheza. Tulimwomba kaka atusindikize. Alivaa koti.

Hatukuujua uwanja. Tunasema hivyo bila kulaumu, maana ni mzuri kuliko tulivyoukumbuka: nyasi zimelala sawasawa kama mkeka mpya, maji yamepewa njia na kingo, mashimo ya mchanga ni meupe, na yangeyange wanatembea ukingoni bila haraka kana kwamba nao wamelipa kiingilio. Palipokuwa na kichaka pana bwawa. Mlimokuwa na mafunjo yaliyotukata miguu mmepita mfereji. Kaka alisimama akanyoosha kidole. "Tulikuwa tunakaa pale," alisema, kisha akasita, akazungusha mkono. "Kule." Katika miaka yote ya kuifundisha ngeli hii hatukuwa tumewahi kuuona mfano bora. Mahali palepale, msemaji yuleyule, na umbali haukuongezeka hata hatua moja; kilichobadilika ni kwamba hapakuwa tena na kitu cha kupadhihirisha. Pa- ilikuwa imegeuka ku- mdomoni mwake, akajisahihisha kabla hatujapumua.

Tulitembea. Alikuwa akitafuta mti fulani wa mkaratusi ambao makedi waliweka viatu vyao chini yake. Hatukuupata. Mara mbili alidhani ameuona, mara mbili akatikisa kichwa. Tukaona kwamba tusiposema siku hiyo hatutasema kamwe.

"Kaka," tulimwambia, "siku ile barabarani, nilikujua."

Hakuuliza siku ipi. Alikuwa anautazama mpira wa mwanafunzi wetu, uliokuwa hewani wakati huo, ukipinda kuelekea majini.

"Ningekosaje kujua?" alisema. "Ndiyo maana nilikufananisha."

Mpira ulianguka. Kedi wa mwanafunzi wetu, kijana aliyevaa sare safi na viatu vyeupe, alianza kuutafuta katika nyasi fupi, akaenda huku, akarudi huku. Kaka alimwachia muda, kama mtu anayetoa heshima kwa mwenye kazi. Kisha akamwita na kumwonyesha sehemu ndogo iliyobakia ya mafunjo ukingoni mwa bwawa.

"Umo mle."

Kijana alitazama viatu vyake, akatutazama sisi. Alijibu kwa Kinyarwanda kwamba mpira mmoja si kitu, wataweka mwingine. Kaka akauliza, kwa Kiswahili bado, mpira mmoja siku hizi unauzwa kiasi gani. Kijana akamtajia bei, naye kwa Kiswahili, chenye r ambapo sisi tungeweka l. Kaka alipiga mluzi, akavua koti, akatupatia tumshikie.