Jibu Analopewa Anayejitambulisha: Njoro na Ughaibuni

Utambulisho wa mwanafunzi mbele ya wenzake huhesabiwa kuwa kazi ya anayesema, ilhali uzito wake umo katika jibu analopewa, kwa maana mtu aliyetaja jina lake na kwao kisha akapokelewa kwa kimya hubaki mgeni kama alivyoingia. Madarasa ya Marekani wanakosomea Wakenya wengi na yale ya Nakuru nchini Kenya hayatofautiani sana katika yale yanayotajwa. Hutofautiana katika kile ambacho msikilizaji anakitafuta ndani ya maneno ya mwenzake.

Katika vyuo vya Marekani, hasa katika masomo ya mbali, yaani yale ambamo mwalimu na wanafunzi hawakutani ana kwa ana, mwanafunzi hueleza jina lake, fani anayosomea, mambo anayoyapenda na pengine kituko kimoja kinachomhusu, kisha hutakiwa awajibu wenzake wawili au watatu, na mara nyingi majibu hayo hutiwa alama. Mwaka 2000 Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walifafanua dhana inayoipa nguvu desturi hii, nayo ni uwepo wa kijamii, maana yake uwezo wa wanafunzi kujidhihirisha kwa wenzao kama watu halisi ingawa wanawasiliana kwa maandishi. Dhana yenyewe ni nzuri, lakini alama zinapoingia kati majibu huanza kufanana: mmoja akisema anapenda mbwa, wa pili humjibu kwamba naye anapenda mbwa, na mazungumzo hukomea hapo.

Nakuru hutafutwa uzi wa kuwaunganisha watu. Mwanafunzi mpya wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanzishwa Njoro, huko Nakuru, mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kikiwa shule ya kilimo na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1987, akisema ametoka Molo, hakuna atakayemjibu kwamba Molo ni pazuri. Ataulizwa ni Molo ya upande gani, Turi au Elburgon, alisomea shule ipi, na kama anamjua mwalimu fulani. Malezi ya kuuliza namna hii huanzia mbali na darasa. Kanisani wageni husimamishwa, kila mmoja akataja jina na kanisa alikotoka na kufikisha salamu za waliomtuma, nao waumini humpokea kwa makofi. Asiye na salamu za mtu mwingine huonekana kana kwamba amejileta mwenyewe. Hata jina hufanya nusu ya kazi, kwa kuwa Wakalenjin humwita Kiprotich mtoto wa kiume aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini na Cherop msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, na Wakikuyu humpa kifungua mimba wa kiume jina la babu yake mzaa baba, hivyo msikilizaji wa maeneo ya Nakuru kama Bahati au Kuresoi huwa ameshasikia mengi kabla mwenzake hajamaliza sentensi ya kwanza.

Hapo ndipo penye mwiba. Nakuru ni mji uliokuzwa na reli, iliyofika huko mwaka 1900, na mashamba ya walowezi yaliyovuta vibarua kutoka jamii nyingi, na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Jaji Philip Waki ilizihesabia vifo 1,133 nchini kote, kuulizwa kwenu ni wapi kuliweza kumgharimu mtu maisha. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa waliofurushwa makwao. Ndiyo maana mkazi mwenye busara hutaja mtaa wake, Section 58, Kaptembwa au Lanet, na msikilizaji muungwana hutosheka na jibu hilo bila kuchimba zaidi.

Mkenya anaposafiri hubeba desturi hizi zote mbili, ile ya kuchimba na ile ya kujihifadhi. Akikutana na Mkenya mwenzake humuuliza mapema ushago, yaani kijijini kwao, ni wapi. Akijitambulisha kwa Wamarekani hueleza kwamba yeye ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano, habari ambayo Njoro ingezaa maswali kadhaa lakini ambayo darasani Marekani hujibiwa kwa shukrani fupi za adabu, kwa kuwa wenzake hawajui waishike wapi. Kwa upande mwingine, maswali yake ya ukarimu kuhusu wazazi na kijiji cha mtu huweza kusikika kama mahojiano ya polisi.

Hata hivyo, ughaibuni kuna kanuni moja inayoishinda Njoro, nayo ni kwamba kumjibu mwenzako ni wajibu. Katika kumbi za mihadhara za Kenya, ambamo somo la pamoja huweza kuwa na mamia ya wanafunzi, mara nyingi utambulisho hauna nafasi, na pengo hilo huzibwa na vyama vya wanafunzi wa kaunti moja au shule moja ya upili, yaani watu ambao tayari walikuwa na la kuambiana. Uzi unaosifiwa huishia kufungwa miongoni mwa wale wale.

Wahadhiri wa Egerton na wa Chuo Kikuu cha Kabarak, nacho cha Nakuru, wangeweza kulijaribu hili muhula ujao bila gharama yoyote: kila mwanafunzi apangiwe wenzake wawili wasiotoka kaunti yake, awasikilize wakijitambulisha, kisha amuulize kila mmoja swali linalotokana na maneno yake mwenyewe. Na Mkenya aliye ughaibuni, akiambiwa na mwenzake kwamba anafuga mbwa, amuulize mbwa huyo anaitwa nani na nani aliyempa jina hilo.