Ng' moja, skripti sita

Ile episodi ya walimu waliotukatakata majina imenikumbusha kosa langu mwenyewe, na mimi sina mwalimu wa kulaumu.

Najitolea kwenye kikundi kidogo hapa Scarborough, tunawakumbusha wazee miadi yao kwa simu. Nina skripti sita za Python zinazopokezana kazi: moja inasoma fomu za mtandaoni, nyingine orodha ya mapokezi, ya tatu inaziunganisha kwa jina, hadi ya mwisho inayotuma ujumbe. Zote zinahitaji kusafisha majina. Nilijaribu kuweka funksheni ya usafi kwenye folda ya pembeni, nikapata ModuleNotFoundError: Python huanza kutafuta kwenye folda ya skripti yenyewe, si ya jirani. Nikachoka, nikaikopi mara sita.

Sasa sikia. Simu nyingi huandika ng’ kwa alama iliyopinda. Kompyuta mara nyingi huweka iliyonyooka, ng'. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa Python ni herufi mbili tofauti, U+2019 na U+0027. Nilipogundua, nikarekebisha. Kwenye skripti moja tu.

Februari, mama akapiga. "Wewe, mbona shosho wa orofa ya chini amepanda mabasi mawili kwenye baridi hii, kufika anaambiwa miadi ilihamishwa?"

Jina lake lina ng', kama Thiong'o. Kwenye kuunganisha orodha, halikulingana na lenyewe. Programu haikulalamika. Ilimwacha tu.

Usiku huo nilifuta nakala zote. Funksheni imebaki moja, ndani ya folda iitwayo pamoja, yenye faili ya pyproject.toml. Nikaendesha pip install -e . mara moja, na kila skripti sasa inaanza hivi:

from pamoja.majina import safisha

Hiyo -e maana yake nikibadilisha mstari mmoja, skripti zote sita zinaupata zikiendeshwa tena. Na jina lisilopata mwenzake sasa linasimamisha kazi nzima mpaka niliangalie.

Nilimpigia shosho kumwomba msamaha. Hakutaka maelezo. Aliuliza tu, "Na sasa mnaliandika vizuri?"

"Ndiyo, shosho. Tunaliandika mahali pamoja."